Ufa Usiozibwa

Yai lililochemshwa likigongwa kwa mgongo wa kijiko hutoa milio miwili. Wa kwanza ni mkavu na mkali, mlio wa kitu ambacho bado ni kizima. Wa pili umefifia, kwa kuwa ganda limeshaachia na nguvu ya kijiko imemezwa na utando ulio chini yake. Mpishi wa mayai ya chai hufanya kazi yake yote ya mkono kati ya milio hiyo miwili. Anataka ganda lipasuke lakini lisibanduke. Anataka nyufa nyingi, nyembamba, zilizozunguka yai zima, na chini ya nyufa hizo anataka utando ubaki bila kuchanika. Akigonga kwa woga, chai haitapata pa kupenya, na yai litatoka jeupe vilevile lilivyoingia. Akigonga kwa pupa, ganda litadondoka na yai litajaa mabaka ya kahawia yasiyo na umbo wala mpaka.

Sisi tumelelewa na onyo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika pishi hili ufa hutafutwa kwa makusudi, hupimwa kwa sikio na kidole gumba, kisha huachwa wazi usiku kucha ili chai ifanye yake. Ndicho kinachonivutia. Mpishi hachori kitu. Anaandaa njia, anatia moto mdogo, halafu anakubali kungoja.

Wachina huyaita mayai haya chayedan, na si chakula cha karamu. Ni chakula cha njiani. Utakuta sufuria pana juu ya jiko dogo nje ya stesheni ya treni, kwenye kona ya kituo cha basi, karibu na lango la shule, na ndani yake mayai yaliyopasuka maganda yamelala katika maji meusi yanayofuka polepole. Wafanyabiashara wetu wanaokwenda Guangzhou kufuata bidhaa bila shaka wamepishana nayo, hata wale ambao hawakuuliza jina, maana harufu ya soya sosi, mdalasini na chai iliyokaa motoni hufika puani kabla muuzaji hajaonekana. Taiwan nako, maduka madogo yanayokesha huweka sufuria ya umeme karibu na kaunta. Mteja huchukua koleo na kujichagulia, na aliye mzoefu hutafuta yai lenye nyufa nyingi zaidi kwa sababu anajua hilo ndilo lililokolea.

Katika miaka ya 1980, biashara ndogondogo zilipoanza kuruhusiwa tena China, ulienea msemo kwamba anayetengeneza makombora hapati fedha kama anayeuza mayai ya chai. Ulikuwa msemo wa uchungu, wasomi wakilalamikia mishahara yao. Lakini tazama aliyechaguliwa kuwa mfano. Hakuwa muuza nguo wala fundi baiskeli. Alikuwa mama au mzee mwenye sufuria moja, ambaye kila msikilizaji angeweza kumpa sura ya mtu anayemjua.

Maelezo ninayoyapenda kuliko yote kuhusu pishi hili yana umri wa zaidi ya miaka 200, na ni mafupi ajabu. Yuan Mei alikuwa mshairi wa enzi ya Qing aliyeacha kazi ya serikali mapema, akahamia kwenye bustani yake mjini Nanjing, akaandika, akala, na kudadisi wapishi wa kila nyumba aliyokaribishwa. Mwaka 1792 alichapisha kitabu cha mapishi, Suiyuan Shidan, na humo anaeleza mayai ya chai kwa sentensi chache tu. Chukua mayai 100, chumvi liang moja, yaani karibu gramu 37, na majani ya chai yasiyo laini. Chemsha kwa muda wa vijiti viwili vya ubani kuungua. Mayai yakiwa 50, punguza chumvi iwe nusu. Amemaliza. Hakuna soya sosi. Hakuna mdalasini wala karafuu. Hata kupasua ganda hakutaja.

Nimekaa sana na kile kipimo cha vijiti vya ubani. Kijiti cha kawaida huchukua takribani nusu saa kuungua, kutegemea urefu wake, kwa hiyo viwili ni kama saa nzima ya moto. Mpishi wa Nanjing hakuhitaji saa ya ukutani wala kusimama juu ya sufuria akihesabu. Aliwasha kijiti, akaendelea na kazi nyingine, na kilipozima akawasha cha pili. Ni kipimo cha mtu anayejua kwamba hapa haraka haina faida. Kuhusu majani yasiyo laini, nakubaliana naye moja kwa moja. Chai nzuri ina manukato mepesi yanayotoroka ndani ya dakika chache za kuchemka. Kuitia chai ya bei ghali kwenye sufuria ya mayai ni kuitupa. Kinachohitajika ni rangi na ule ukakasi unaobana ulimi, na vyote viwili majani ya kawaida yanavitoa vya kutosha.

Basi tuanze na yai lenyewe, kwa sababu hapo ndipo wengi hupita mbio. Yai la leo asubuhi halifai. Ute wa yai bichi jipya umebeba hewa ya kaboni dioksidi, na hewa hiyo hutoka taratibu siku hadi siku kupitia maelfu ya vitundu vidogo vya ganda. Inapotoka, ute huzidi kuwa wa alkali, na utando unalegeza mshiko wake juu ya ute. Ndiyo maana yai lililotagwa jana likichemshwa linamenyeka kwa taabu, ganda likiondoka na minofu, ilhali yai lililokaa wiki moja kwenye trei linavuka salama. Kwa pishi ambalo uzuri wake wote uko kwenye ngozi ya yai, kupoteza ngozi hiyo wakati wa kumenya ni kupoteza kila kitu.

Ganda liwe jeupe au la kahawia, haidhuru. Rangi ya ganda haifiki ndani. Unene ndio unaobadilisha kazi. Kuku anavyozeeka mayai yake huwa makubwa na ganda huwa jembamba, kwa hiyo yai kubwa sana linataka kijiko chepesi zaidi. Mimi hupenda mayai ya wastani, yaliyotolewa kwenye friji mapema ili yasipasuke ovyo yakikutana na maji ya moto. Na maji yawe yanachemka tayari ndipo mayai yashushwe, moja moja, kwa kijiko. Ute unaokutana na joto ghafla huganda kabla haujapata nafasi ya kujishikiza kwenye utando, na hilo nalo husaidia kumenya. Dakika 8 za moto wa wastani, kisha bakuli la maji baridi mpaka mkono uweze kulishika yai bila kulitupa.

Sasa kijiko. Yai likae kwenye kiganja, vidole vimelegea, upande butu ukielekea juu. Upande huo butu ndio wenye chumba cha hewa, na chini ya ganda pale hakuna kitu cha kulibeba, hivyo ukianzia hapo kwa nguvu ganda litabonyea na kuzama. Anzia kiunoni. Kijiko kiangukie kwa uzito wake chenyewe, si kwa nguvu ya mkono. Pigo moja linatoa mistari mitatu au minne inayotawanyika kutoka sehemu moja. Geuza yai kwa upana wa kidole, gonga tena, na mistari mipya itakutana na ya zamani na kuishia hapohapo, kwa kuwa ufa haupendi kuvuka ufa mwingine. Ukimaliza mzunguko wa kiuno, panda kuelekea ncha, kisha shuka upande butu kwa mkono mwepesi kabisa.

Yai likishapasuka pande zote, liweke juu ya kitambaa kilichokunjwa na ulisukume mbele na nyuma chini ya kiganja, ukilibana kidogo tu. Vipande vikubwa vya ganda vitagawanyika vidogo. Hapa sikio halisaidii tena. Ni kidole gumba kinachojua. Ganda zima ni gumu chini ya kidole. Ganda lililopasuka vya kutosha linaitikia, linashuka kidogo na kurudi, kila kipande kikisogea peke yake huku utando ukivishikilia vyote mahali pake. Ukiona unyevu uking'aa ndani ya ufa, au weupe wa ute umejitokeza, utando umechanika. Yai hilo si haramu. Litie chumvi ulile sasa hivi, na uendelee na mengine.

Inafaa kuelewa kinachotokea pale chini, maana kinaeleza kwa nini mistari ya yai la chai ina ule ulaini usiopatikana kwa brashi. Kati ya ganda na ute kuna tando mbili nyembamba za nyuzi za protini, zimelaliana, zikiachana tu pale kwenye chumba cha hewa. Ganda lenyewe ni ukuta wa chokaa. Palipo na ukuta mzima, chai inakwama au inapita kidogo mno. Palipo na ufa, chai inagusa utando, na utando unaipitisha taratibu. Kwa hiyo mstari unaoupata kwenye yai ni alama ya ufa uliokuwa juu yake, ila umechujwa. Katikati yake ni kahawia iliyokolea, na kingo zake zinafifia kidogo kidogo kwa sababu chai iliyopenya ilijitanua pembeni kabla ya kutulia. Utando ukichanika, mchujo huo haupo, na ndipo mabaka yanapotokea. Mambo yote mazuri ya yai la chai yanategemea ngozi hiyo nyembamba ambayo tukimenya tunaitupa bila kuitazama.

Wafinyanzi wa China walijua uzuri wa nyufa zamani sana. Baada ya makao ya watawala wa nasaba ya Song kuhamia kusini na kutulia Hangzhou, tanuri za serikali zilitengeneza vyombo ambavyo kioo chake cha juu kilikuwa kimejaa nyufa. Sababu yake ni ya kimwili tu: chombo kinapopoa, kile kioo husinyaa zaidi kuliko udongo ulio chini yake, kikakosa pa kwenda, kikapasuka. Mahali pengine hiyo ni kasoro. Wao waliitazama, wakaipenda, wakajifunza kuiongoza kwa unene wa kioo na kwa namna ya kupoza. Katika vyombo vinavyoitwa vya Ge, nyufa kubwa zilipakwa rangi zikawa nyeusi na zile ndogo zikabaki za manjano, na wapenzi wa vyombo hivyo husifia nyuzi za dhahabu na waya za chuma. Udongo wa China si mgeni kwetu. Vipande vya vyombo vya kijani kutoka Longquan, kusini mwa Hangzhou, vimefukuliwa Gede na Kilwa. Sidai kwamba muuza mayai wa stesheni anawafikiria wafinyanzi wa Song. Nasema tu kwamba kazi ni ileile. Fundi anapanga hali ya kitu mpaka kipasuke kwa kiasi anachotaka, halafu anaitia rangi njia ambayo hakuichagua yeye.

Turudi sufuriani. Kwa mayai 10, maji ya mchuzi yawe lita moja na nusu hivi, yaani ya kuyafunika yote. Tia soya sosi nyepesi vijiko vikubwa vinne, soya sosi nzito kijiko kimoja, chumvi kijiko cha chai, sukari kijiko cha chai. Viungo: anisi nyota mbili, kile kiungo kikavu chenye pembe nane kinacholimwa kwa wingi Guangxi, kipande cha mdalasini, karafuu tatu, na kipande cha ganda la chenza lililokaushwa, ambalo Guangdong ni bidhaa ya heshima na huwekwa miaka mingi kabla ya kutumiwa. Mdalasini wa China ni gome nene lenye ukali. Wetu wa Unguja ni mwembamba na mpole zaidi, kwa hiyo ongeza urefu wake. Karafuu usiongeze. Aliyekulia karibu na harufu ya karafuu zilizoanikwa Pemba atashawishika kutia sita au saba, na mayai yatanukia karafuu tu.

Kuhusu soya sosi nina msimamo. Watu wengi huimimina mpaka mchuzi unakuwa mweusi, wakidhani rangi zaidi ni uzuri zaidi. Soya sosi nzito inapaka kila mahali, juu ya ufa na pasipo na ufa, na mistari inazama ndani ya kahawia moja. Chai ndiyo inayochora. Soya sosi kazi yake ni kutia chumvi na kuugeuza weupe uwe na umanjano wa pembe za ndovu, si zaidi. Nikilazimika kuchagua kati ya vitu vyote vya sufuriani nibaki na viwili, ningefanya kama Yuan Mei: chumvi na chai.

Chai basi. Majani tunayokunywa Afrika Mashariki, yawe ya Kericho au ya Mufindi, mengi hukatwakatwa na kuviringishwa kiwandani yawe punje ndogo, ili yatoe rangi upesi na kuhimili maziwa. Rangi yake ni nzuri sana kwa kazi hii. Tatizo ni zile punje: zinaingia ndani ya nyufa na kuacha nukta nyeusi, na zikichemka muda mrefu zinazidisha uchungu. Zifunge kwenye kitambaa safi, vijiko vikubwa viwili, na uzitoe baada ya kama robo saa. Ukipata chai ya majani marefu yaliyoviringishwa tu bila kusagwa, kama ile ya Keemun kutoka Anhui au yetu inayotengenezwa kwa njia hiyo, itie ilivyo na uiache mpaka mwisho. Chai ya kijani haifai. Rangi ya kahawia tunayoitafuta huzaliwa pale jani lililovunjwa linapokaa hewani na kubadilika kabla ya kukaushwa, na jani la kijani huzuiwa lisipitie hatua hiyo.

Jambo jingine la chai lililonifurahisha nilipolielewa ni kwamba ukakasi wake hushikana na protini. Ndiyo sababu maziwa hupunguza ukali wa chai kikombeni. Ute wa yai ni protini na maji, karibu hakuna kingine, kwa hiyo chai inapofika kwenye uso wake haikai juu kama vumbi, inashikana nao. Mistari haioshwi kwa maji. Na ngozi ya yai inakazana kidogo, inakuwa na ukinzani mdogo kwenye meno ambao yai la kawaida halina.

Moto sasa uwe mdogo, mdogo hasa. Maji yanayochemka kwa nguvu yanagonganisha mayai na kuyavua maganda uliyoyapasua kwa uangalifu. Uso wa mchuzi utikisike tu, kiputo kimoja kimoja kikipanda pembeni mwa sufuria, kwa dakika 40. Kisha zima, funika, uyaache mayai humo humo yapoe. Kupoa huku ni sehemu ya upishi. Yai la moto likipoa, hewa iliyomo ndani yake hupungua ukubwa, na mahali pa hewa hiyo panavuta mchuzi kupitia nyufa. Ukiyatoa mayai yakiwa ya moto ukayaweka kwenye sahani, kinachovutwa ndani ni hewa ya jikoni.

Baada ya hapo ni usiku. Chumvi ina chembe ndogo na inasafiri upesi. Chembe za rangi ya chai ni kubwa na husogea kwa shida, hivyo hubaki karibu na uso, milimita chache tu ndani. Kwa sababu hiyo jicho na ulimi havipati haki yao kwa wakati mmoja. Baada ya usiku mmoja mistari iko kwenye ubora wake, myembamba na iliyo wazi. Baada ya siku mbili ladha imefika kwenye kiini, lakini weupe nao umeanza kukolea na mistari imeanza kuungana. Ninapopikia wageni huyatoa asubuhi. Ninapojipikia mwenyewe huyaacha mpaka kesho yake.

Hapa joto letu linahitaji tahadhari. Yai lililopasuka ganda limepoteza kinga yake, na sufuria ya mchuzi uliopoa ikikaa mezani usiku kucha Mombasa au Dar es Salaam inakaribisha vijidudu. Muuzaji wa barabarani anaepuka hilo kwa kuiweka sufuria motoni kutwa. Nyumbani, mchuzi ukishapoa uingie kwenye friji, mayai yakiwa ndani yake, kabla ya saa mbili kupita tangu uzime moto, na yaliwe ndani ya siku nne.

Ukilikata yai la chai utakuta kiini kimezungukwa na mviringo wa kijivu au kijani. Ni madini ya chuma ya kiini yaliyokutana na salfa ya ute chini ya joto la muda mrefu. Hauna madhara, na katika yai lililokaa motoni karibu saa nzima hauepukiki. Siku hizi wapo wanaoukwepa kwa kuchemsha yai dakika 6 tu, kulipasua taratibu na kulilaza kwenye mchuzi baridi bila kulirudisha motoni, ili kiini kibaki laini. Ni yai tamu. Lakini ute wake ni mlegevu mno kustahimili kijiko, nyufa zinakuwa chache na mistari inapauka, kwa hiyo mimi hubaki na wazee.

Wapo pia waliolipeleka pishi hili upande mwingine. Katika ziwa la Sun Moon, katikati ya Taiwan, kuna gati chini ya hekalu la Xuanguang, na hapo kwa miongo mingi wasafiri wakishuka kwenye boti wamepanga foleni kununua mayai yaliyopikwa kwa uyoga mkavu na chai nyeusi. Chai hiyo ni ya mbegu ya Assam, iliyoletwa na kupandwa kandokando ya ziwa hilo katika miaka ya 1920, wakati wa utawala wa Wajapani. Uyoga unalipa yai utamu wa mchuzi wa nyama bila nyama. Mahali hapo pameonyesha kwamba yai hili, likipikwa kwa vitu vya palepale lilipo, halipotezi asili yake.

Na upo wakati ganda halipasuliwi kabisa. Mashariki mwa China, kusini mwa mto Yangtze, siku ya kwanza ya kiangazi katika kalenda ya jadi, ambayo huangukia tarehe 5 au 6 Mei, mayai huchemshwa mazima kwa majani ya chai au kwa maganda ya jozi mpaka ganda lenyewe liwe la kahawia. Watoto hutiliwa yai ndani ya kikapu cha wavu kilichofumwa kwa nyuzi za rangi, kikaning'inizwa shingoni. Kisha wanagonganisha: ncha kwa ncha, butu kwa butu. Ambaye yai lake limepasuka ameshindwa, na analila. Siku hiyo moja ufa ni hasara, na kila mtoto anaomba mama yake amchagulie yai lenye ganda gumu kuliko yote sufuriani.

Kumenya kuanzie upande butu, ndani ya bakuli la maji. Bonyeza pale palipo na chumba cha hewa mpaka ganda lizame, ingiza ncha ya kidole chini ya utando, si chini ya ganda tu, na uvute. Utando ukishikwa vizuri, ganda huja kwa vipande vilivyoshikana, na upande wake wa ndani utaona mchoro uleule, umegeuzwa. Usiyamenye yote kwa pamoja. Yai lililomenywa likikaa hewani hukauka na mistari hufifia. Kila mtu amenye lake mezani. Wachina wengi hulila asubuhi pamoja na uji wa mchele usio na chumvi wala sukari, na ni mlo uliokamilika, maana uji hauna ladha na yai linayo ya kuwatosha wote wawili. Kwa ugali sijaona linafaa. Kwa viazi vitamu vya kuchemsha linafaa sana.

Mchuzi usimwage. Uchuje, uchemshe uchemke kweli, upoe, na uingie kwenye friji au ugandishwe. Mara ya pili huwa mzuri kuliko wa kwanza, kwa sababu viungo vimeshaingiliana na ukali wa soya sosi umetulia. Ongeza maji yaliyopungua, majani mapya ya chai kijiko kimoja, na chumvi kwa kuonja. Anisi nyota moja inatosha safari hii, na karafuu usitie tena. Halafu angalia mayai yaliyobaki kwenye trei, na kama yameshatimiza wiki, weka maji jikoni.